Golfu, soko na kiwanja cha watoto: wakati wa ugonjwa, nini kifungwe?



Juma hili tunazungumzia mchezo ambao wengi wetu hatujauona kwa macho: golfu. Msicheke. Swali ambalo golfu ilileta mwaka wa 2020, wakati wa Corona, ni swali letu pia sisi wa Minova, tunaouza sokoni, tunaopakia mizigo kwenye mitumbwi ya kwenda Goma, na tunaolea watoto katika nyumba ya chumba kimoja au viwili. Swali lenyewe ni hili: serikali ikisema watu wabaki nyumbani, je, mahali pa wazi pasipo na paa pafungwe pia? Na pakifungwa, pafungwe kwa nani?

Najua Corona imepita. Lakini baada yake tumeona mpox, na kipindupindu hakijatuaga hapa kando ya ziwa. Ugonjwa mwingine ukija, amri zitatolewa haraka, na wamama ndio watakaozibeba kichwani. Ni vizuri tuwe tumekwisha kufikiri.

Golfu ni mchezo gani?

Mchezaji anapiga kampira kadogo kwa fimbo ya chuma, anakafuata kwa miguu, anapiga tena, mpaka kaingie katika shimo. Uwanja mzima una mashimo 18. Kuumaliza kunachukua saa nne hivi, na kwa kawaida wanatembea watu wasiozidi wanne pamoja. Uwanja huo ni mkubwa sana: mara nyingi hektari 50 au zaidi. Kiwanja cha mpira wa miguu hakifiki hata hektari moja. Maana yake, katika uwanja mmoja wa golfu mnaweza kuingiza viwanja vya mpira karibu 70.

Kwa hiyo ni watu wachache, kwenye nafasi kubwa, na upepo mwingi. Ukimuuliza mganga kama Corona inaenea kwa urahisi mahali kama hapo, atakujibu hapana. Corona inabebwa na pumzi. Inapenda chumba kilichofungwa, watu wengi, mazungumzo marefu. Hewa ya nje inaitawanya.

Hata hivyo, nchi nyingi zilifunga viwanja vya golfu. Kule Uingereza vilifungwa mwezi wa tatu 2020, vikafunguliwa tarehe 13 mwezi wa tano, na mwanzoni mtu aliruhusiwa kucheza peke yake, na watu wa nyumba yake, au na mtu mmoja tu wa nyumba nyingine. Kenya nayo iliahirisha mashindano yake makubwa ya golfu, Kenya Open, yaliyokuwa yafanyike Karen, Nairobi, mwezi wa tatu mwaka huo.

Waliotaka vifungwe walisema nini?

Tusiwadharau, kwa maana walikuwa na sababu zao. Ya kwanza: amri ikiwa fupi, watu wanaielewa. "Wote wabaki nyumbani" ni rahisi kuliko "wote wabaki nyumbani isipokuwa huyu na yule". Sisi walimu tunajua: ukimruhusu mwanafunzi mmoja kutoka darasani, kumi wanainua mkono.

Ya pili: mchezaji hashuki kutoka mbinguni. Anatoka nyumbani, anasafiri, anapitia mlangoni, anabadilisha nguo, na akimaliza anakaa na wenzake kunywa na kula. Hatari iko kwenye meza, haiko kwenye nyasi.

Jambo hilo lilionekana wazi kule Ireland. Mwezi wa nane 2020, wanasiasa na watu wakubwa walicheza golfu siku mbili, na tarehe 19 wakakaa kwenye chakula cha jioni katika hoteli ya mji wa Clifden, watu zaidi ya 80, wakati serikali yao ilikuwa inawaambia raia wapunguze mikutano. Wananchi walikasirika sana. Waziri wa kilimo alijiuzulu, na kamishna wa nchi hiyo katika Umoja wa Ulaya akajiuzulu naye. Baadaye, mwaka wa 2022, mahakama iliwaachilia walioshtakiwa kwa kuandaa chakula hicho, lakini aibu ilikuwa imekwisha kuingia. Watu waliokuwa wamezika wazazi wao bila hata kuwakumbatia ndugu, walijisikia wamechekwa.

Ya tatu ni haki. Mama anafungiwa na watoto wanne katika chumba kimoja, na bwana mkubwa anatembea kwenye nyasi hektari 50? Hata kama bwana huyo hamwambukizi mtu, amri imekwisha kupoteza heshima. Na amri isiyo na heshima, watu wanaizunguka.

Na waliotaka viachwe wazi?

Hao walisema: kutembea ni afya, na mtu aliyefungiwa miezi miwili anaugua moyo na akili. Walisema pia kwamba golfu si ya matajiri peke yao. Katika Afrika ya Mashariki, vijana na wababa wengi wanaishi kwa kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji, na wanalipwa kwa siku. Uwanja ukifungwa, tajiri anakosa mchezo, lakini mbeba mifuko anakosa unga. Mke wake ndiye anayeulizwa na watoto, "Mama, leo tunakula nini?"

Tena huko Uingereza lilitokea jambo la kufundisha. Wachezaji walipoondoka, watu wa mitaa ya karibu waliingia kutembea kwenye nyasi hizo, na watoto wakakimbia mahali ambapo zamani walikatazwa. Wengi wakaanza kuuliza: kwa nini ardhi kubwa hivi inatumiwa na wachache, wakati bustani ndogo za umma zimejaa mpaka zinafungwa? Mjini London, bustani ya Brockwell ilifungwa siku nzima, tarehe 5 mwezi wa nne 2020, kwa sababu watu walikuwa wengi mno siku iliyotangulia. Watu hao hawakuwa wabaya. Walikuwa hawana nyasi nyingine.

Turudi kwetu

Katika inchi yetu, mgonjwa wa kwanza wa Corona alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu 2020. Tarehe 18, Raisi Tshisekedi akafunga masomo, makanisa, baa na malewa, akakataza mikutano ya watu zaidi ya 20, na michezo ya hadhara ikasimama. Tarehe 24 akatangaza hali ya dharura. Tarehe 6 mwezi wa nne, komini ya Gombe ikafungwa. Angalieni Gombe ina nini: ofisi za serikali, mabanki, balozi, uwanja wa golfu wa Kinshasa, na pia Zando, soko kubwa la mji. Amri ilikuwa moja, lakini uzito haukuwa mmoja. Mwenye kucheza golfu alisubiri mchezo. Mwenye meza Zando alisubiri chakula.

Kampala ilikuwa na njia nyingine. Mwezi huo wa tatu 2020, Raisi Museveni aliagiza wauzaji wa vyakula walale sokoni siku 14, wasirudi nyumbani, ili wasipeleke ugonjwa wala kuuleta. Katika soko la Nakasero wamama walilala kati ya mafungu ya viazi na ndizi, chini ya vyandarua, mbali na watoto wao. Na si mbali na hapo, Kitante, kuna uwanja wa golfu wenye nyasi mpaka macho yanachoka. Mimi najiuliza: meza za soko zingetawanywa hapo, kila moja na mita zake, mama hao hawangerudi kwao jioni?

Hapa kwetu Kivu, mpaka wa Goma na Gisenyi ulipofungwa, wamama waliokuwa wanavuka kila siku na mabeseni yao walipoteza mtaji. Vikundi vya AVEC vilishindwa kukusanya michango, na mikopo ikakaa bila kulipwa. Watoto walikaa bila masomo kuanzia mwezi wa tatu. Wa madarasa ya mwisho walirudi mwezi wa nane, wengine wote mwezi wa kumi. Nasema kama mwalimu: si wote waliorudi. Wasichana wengine walikuwa na mimba, wavulana wengine walikuwa wamezoea pesa ya kubeba mizigo au ya kuvua sambaza.

Kisha, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ikalipuka, Corona ikiwa bado iko. Siku chache baadaye watu wa Goma waliambiwa wahame, na wengi walikuja upande wetu. Walilala wapi? Katika madarasa na makanisa, chini ya paa, wamebanana. Tungelikuwa na mahali pa wazi palipotayarishwa, na mahema, maji na vyoo, tungeliwapokea vizuri zaidi.

Kila ugonjwa na njia yake

Neno ninalotaka tulishike ni hili: kabla ya kufunga mahali, tuulize ugonjwa unapita wapi.

Kipindupindu kinapita katika maji na chakula. Kufunga kiwanja cha mpira hakukizuii. Klorini, choo na sabuni ndivyo vinavyokizuia.

Ebola, iliyofika Goma mwezi wa saba 2019 na Mwenga mwezi uliofuata, inapita katika damu, matapishi na maji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Hatari kubwa iko kwenye kuuguza na kuzika.

Mpox inapita hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na kwa nguo na matandiko ya mgonjwa. Watoto wanaolala watano katika mkeka mmoja wako katika hatari kuliko wanaocheza nje kwa nafasi.

Corona inapita katika pumzi. Chumba kilichofungwa ndicho adui.

Mkiangalia, katika magonjwa haya yote manne, anga la wazi si mshitakiwa wa kwanza.

Maoni yangu

Kwa ugonjwa wa pumzi, viwanja vya wazi visifungwe kwa muda mrefu, vya golfu na vyetu pia. Siku za kwanza, wakati hakuna anayejua ugonjwa ni wa namna gani, kufunga kila kitu ni busara. Lakini juma la tatu au la nne likifika, wakubwa watueleze: wanafunga nini, kwa sababu gani, mpaka lini. Wafunge meza ya kunywea, waache njia ya kutembelea.

Na sharti moja lisiondolewe: sheria iwe ile ile kwa wote. Kama mwenye fimbo anaruhusiwa kutembea na wenzake watatu, mama mwenye beseni aruhusiwe kuuza akiwa mbali na wenzake, na watoto waruhusiwe kucheza wachache wachache kiwanjani. Kama mama anafukuzwa sokoni, golfu nayo ifungwe siku hiyo hiyo. Tena nchi yenye viwanja vikubwa ivitoe wakati wa shida: viwe soko la muda, darasa la nje, mahali pa kuchanjia.

Darasa la nje si ndoto. Kivuli cha mti kipo, ubao unabebwa, na jua la asubuhi halijali. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua mapema.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, ni mahali gani pa wazi ambapo soko lingeweza kutawanywa ugonjwa ukija? Ni nani mwenye ardhi hiyo, na nani ataenda kuzungumza naye sasa, kabla ya shida?

2. AVEC yetu ina sheria gani kwa miezi ambayo wanachama hawawezi kuuza? Sanduku la jamii litamsaidia nani kwanza?

3. Masomo yakifungwa tena, ni mama gani watatu katika kila mtaa watakaoangalia kwamba wasichana wetu wanarudi darasani?

Andikeni majibu, myalete kwenye mkutano wa juma lijalo. Chifu wa mtaa na wakubwa wa afya wakituuliza, tusiwakute na mikono mitupu.