SHERIA YA UWINDAJI NI HESABU: MFANO WA DINDO WA PORI



Dindo wa kufugwa tunamjua sote. Lakini ukoo wake ni wa pori la Amerika ya Kaskazini, na huko dindo wa pori wangali wanaishi. Tumechagua habari yao juu ya wengi kati yetu tunasema kwamba sheria ya uwindaji ni ya kunyima watu nyama bule. Hapana. Ni hesabu.

Zamani kule Marekani dindo walikuwa wengi sana. Watu wakakata misitu, wakaua madume na majike bila kipimo. Katika jimbo la Massachusetts, dindo wa mwisho wa asili aliuawa mwaka 1851. Baadaye walijaribu kuachilia ndege waliofugwa, lakini hawakudumu: ndege wa nyumbani hajui kukimbia adui. Kisha, mwaka 1972 na 1973, wakakamata dindo 37 wa pori kabisa katika jimbo la New York, wakawaleta Massachusetts. Leo kuna zaidi ya 25,000.

Sasa watu wanawinda tena. Namna gani hawawamalizi? Sheria inajibu maswali matatu.

Kwanza, ndege gani? Dume moja linapanda majike mengi, na halisaidii kulalia mayai. Jike linataga mayai 10 hivi chini, katika majani, na kuyalalia siku 28. Ukiua dume kisha kupanda, vifaranga watatoka tu. Ukiua jike, umeua na mayai yote. Kwa hiyo katika masika ya kule, kwa kawaida wanaruhusu madume tu.

Pili, wakati gani? Kama madume yanauawa mbele ya kupanda, majike yatabaki na mayai yasiyo na uzima. Ndiyo maana tarehe ya kufungua uwindaji ni jambo kubwa.

Tatu, wangapi? Katika jimbo la Georgia dindo walianza kupunguka. Basi mwaka 2022 serikali ya jimbo ilikawisha siku ya kufungua, na kipimo cha kila mwindaji kikashuka toka madume 3 mpaka 2 kwa msimu. Hawakungoja waishe.

Na feza zinatoka wapi? Tangu sheria ya mwaka 1937, kuna kodi juu ya bunduki na risasi, na kodi ile inarudi kulinda nyama wa pori. Mwindaji mwenyewe analipa ili kesho apate kitu cha kuwinda.

Na sisi je? Inchi yetu pia iko na sheria ya uwindaji, ya tarehe 28 mei 1982. Tena Torati ya Musa, katika Kumbukumbu 22, inakataza kutwaa mama pamoja na makinda yake. Ni hesabu ile ile.

Wakati wa konje wengi wetu tunarudi vijijini. Tukiona kiota cha kanga tunabeba mayai yote, na kutega mama vilevile. Kanga, kama dindo, anataga chini. Kila mtoto anaweza kumfikia. Ndugu, tukifanya hivi kila mwaka, wadogo wetu watamjua kanga kwa picha ya kitabu tu. Tuwaambie na wazee nyumbani: jike linalolalia, tuliache.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa sita.