Kabla ya Kununua Rangi: Namna ya Kukadiria Kiasi Kinachohitajika

Mlaji anapotaka kupaka rangi nyumba yake, swali la kwanza huwa ni ndoo ngapi zitatosha. Mara nyingi jibu hutolewa na fundi au muuzaji kwa kukisia tu, na mlaji hulipa bila kujua hesabu iliyotumika. Makadirio yakizidi, fedha zake hukaukia ndani ya ndoo stoo. Yakipungua, hulazimika kurudi dukani kazi ikiwa katikati, na rangi atakayoipata huenda isilingane na ile iliyokwisha kupakwa. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Huhitaji tepu ya kupimia, karatasi na kalamu.

Hatua za kukadiria

1. Pima urefu wa kila ukuta kwa mita na ujumlishe. Zidisha jumla hiyo kwa kimo cha ukuta, kutoka sakafuni hadi darini. Jibu ni eneo la kuta kwa mita za mraba.
2. Toa eneo la milango na madirisha.
3. Zidisha kwa idadi ya mikono. Kuta nyingi huhitaji mikono miwili. Ukuta wa rangi iliyokoza unaobadilishwa kuwa mweupe huenda ukahitaji mitatu.
4. Gawanya kwa eneo linalofunikwa na lita moja kwa mkono mmoja, kama lilivyoandikwa kwenye lebo. Kwa rangi ya maji ya kuta za ndani, mara nyingi ni mita za mraba 10 hadi 12.
5. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya upotevu na marekebisho ya baadaye.

Mfano

Chumba kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3.5 na kimo cha mita 3. Jumla ya urefu wa kuta nne ni mita 15, hivyo eneo lake ni mita za mraba 45. Mlango mmoja wa mita 0.9 kwa 2.1 na madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.5 huchukua mita za mraba 6.4. Zinabaki 38.6. Kwa mikono miwili ni 77.2. Lita moja ikifunika mita za mraba 10, zitahitajika lita 7.7, pamoja na nyongeza, lita 8.5. Makopo mawili ya lita 4 na moja la lita 1 yanatosha.

Fundi akiagiza ndoo ya lita 20 kwa kuta za chumba hicho kimoja, mlaji ana haki ya kuuliza lita 11 zinazozidi ni za kazi gani.

Ukuta unaonywa rangi

Huenda fundi akawa na jibu la haki. Kiwango cha lebo kinahusu ukuta laini ulioandaliwa vizuri. Lipu mpya yenye chembechembe hunywa rangi zaidi. Lita moja ikifunika mita za mraba 6 tu, chumba kilekile kitahitaji lita 14. Ili kupata uhakika, nunua kwanza lita moja, ipakwe hadi iishe, kisha pima eneo lililofunikwa. Tumia kipimo hicho badala ya kile cha lebo. Rangi ya awali ya kuandalia ukuta, pamoja na rangi ya dari, hukadiriwa peke yake.

Mambo ya kuzingatia wakati wa kununua

Linganisha bei kwa lita. Gawanya bei ya kila chombo kwa ujazo wake. Ikiwa vyumba viwili kama hicho vitapakwa rangi moja, lita 17 zitahitajika, na ndoo ya lita 20 huenda ikawa nafuu kuliko makopo.

Nunua rangi yote ya toleo moja. Rangi ya jina lilelile huweza kutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo. Makopo yakiwa ya matoleo tofauti, yachanganywe katika ndoo moja kubwa kabla ya kupaka.

Zingatia kiasi cha maji. Rangi iliyozidishiwa maji huenea eneo kubwa, lakini haifuniki vizuri, na mlaji huishia kulipia mkono wa tatu. Kiasi kinachoruhusiwa huandikwa kwenye lebo.

Kagua chombo. Kifuniko kiwe hakijafunguliwa, na lebo ionyeshe ujazo halisi kwa lita na jina la mtengenezaji. Tafuta pia alama ya ubora ya TBS.

Dai risiti na uitunze pamoja na lebo hadi kazi ikamilike. Ikiwa ujazo ni pungufu ya ulioandikwa, toa taarifa kwa Wakala wa Vipimo. Ikiwa ubora una mashaka, kwa Shirika la Viwango Tanzania. Chombo, lebo na risiti ndivyo vitakavyothibitisha lalamiko lako.