Kurefushwa miguu ili kuongeza kimo: upasuaji ni siku moja, kupona ni karibu mwaka

Kwenye simu za vijana wa miji yetu kunapita video za wanaume walioenda Uturuki wakiwa wafupi na kurudi wameongeza sentimeta 6 ao 7. Video inaonyesha mtu kabla ya upasuaji, kisha inamuonyesha akiwa amesimama mrefu karibu na gari. Miezi ya katikati haionyeshwi. Na hapo katikati njo kuko kazi yote.

Swali ambalo watu wanauliza ni moja: je, jambo hili ni la kweli? Ndiyo, ni la kweli. Lakini kabla kijana hajauza parsele ya familia kusudi apate feza ya safari, ni vizuri ajue mwili wake utapitia wapi. Na kwa wale ambao hawana mpango wa kwenda popote, habari hii iko na faida pia, kwa sababu kazi hiyo hiyo ya mifupa inatumika kwa watu waliovunjwa mguu na ajali ya moto ao risasi.

Kazi hii ilitoka wapi

Haikuanza kwa ajili ya urembo. Ilianzia katika mji wa Kurgan, huko Siberia nchini Urusi, kwa munganga Gavriil Ilizarov, aliyezaliwa mwaka 1921. Kisha vita ya pili ya dunia, hospitali za kule zilikuwa na watu wengi ambao mifupa yao ilikataa kuungana. Katika miaka ya 1950 Ilizarov alitengeneza duara za chuma zinazozunguka mguu, zikishikwa na waya nyembamba zinazopita ndani ya mfupa. Akaona kama mfupa ukikatwa vizuri na kuvutwa polepole sana, mwili unajaza nafasi ile na mfupa mpya.

Mtu mmoja aliyefanya ajulikane ni Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka 1964 kule Tokyo. Mwaka 1965 alipata ajali ya moto, mguu ukaharibika na kubaki mfupi hata kisha kupasuliwa mara nyingi. Ilizarov alimtunza mwaka 1968, na Brumel akarudia kuruka. Ulaya ya magharibi ilijua kazi hii miaka mingi nyuma yake, wakati Mwitaliano Carlo Mauri, mpanda milima, alienda Kurgan na mguu uliokuwa umemsumbua miaka mingi. Mwaka 1981 Ilizarov akaalikwa Italia kueleza namna anavyofanya.

Kutumia kazi hiyo kwa mtu ambaye miguu yake ni mizima, ila tu anataka kuwa mrefu, kulikuja kisha. China ilifika mpaka kukataza mwaka 2006, kwa sababu watu walikuwa wanabaki na ulemavu. Nchi zingine, kama Uturuki, India na Marekani, zinaruhusu.

Mfupa unarefuka namna gani

Munganga anakata mfupa wa paja ao wa muundi. Kisha anafunga chuma: vyuma vya inje ambavyo tunaita fiksatere, ao msumari mrefu unaoingia ndani ya mfupa, ao vyote viwili. Kuko misumari ya kisasa inayorefuka yenyewe kwa nguvu ya sumaku, mgonjwa akiweka mashine juu ya mguu.

Baada ya upasuaji wanaongoja kama siku 5 mpaka 7. Kisha kuvuta kunaanza: milimeta 1 kwa siku, na mara nyingi inagawanywa mara 4, robo milimeta kila mara. Kwa mfupa wa muundi wengine wanaenda polepole kuliko hiyo. Ukivuta mbio, mfupa mpya haupatikani, na mishipa ya fahamu inaumia. Ukivuta polepole kupita kiasi, mfupa unafunga mbele ya wakati na kazi inasimama.

Tupige hesabu. Mtu anayetaka sentimeta 6 atavuta siku 60, kama kila kitu kinaenda vizuri. Lakini siku ya 60 hajapona. Ule mfupa mpya bado uko laini, na unahitaji kukomaa. Kwa mtu mzima wanganga wanahesabu mwezi 1 ao zaidi kwa kila sentimeta. Kwa hiyo sentimeta 6 ni miezi 6 mpaka 9 mbele ya kutembea bila kujitegemeza. Kukimbia na kucheza mupira ni karibu mwaka, na wengine wanapita mwaka. Kisha hapo inabaki upasuaji mwingine wa kutoa chuma.

Miezi ya kupona inapita namna gani

Majuma ya kwanza ni ya maumivu ya kidonda na ya kuvimba. Lakini wengi wanaopitia kazi hii hawasemi kama upasuaji njo ulikuwa mgumu. Ugumu unakuja wakati wa kuvuta. Mfupa unakubali kurefuka, lakini misuli, mishipa na ngozi vinachelewa nyuma. Misuli inakaza kama kamba. Usingizi unapotea, mtu analala saa mbili, tatu, kisha anaamuka. Njaa pia inapunguka, wakati mwili unahitaji chakula kuliko zamani.

Hapo njo kazi ya kine inaingia, na si jambo la kuongeza kwa mwenye kupenda. Ni nusu ya matunzo. Kila siku mgonjwa anapaswa kunyoosha goti, kukunja kisigino, kugeuza kiuno, mara nyingi kwa masaa. Kama anarefusha muundi na hafanyi mazoezi, mshipa mkubwa wa nyuma ya kisigino unavuta mguu chini: mtu anabaki anakanyaga kwa vidole tu, kisigino hakifiki chini. Kama anarefusha paja, goti linakataa kukunjika. Wengine wanarudia kupasuliwa kusudi mshipa ulegezwe.

Kwa miguu miwili kwa mara moja, mtu anatembea na kiti cha magurudumu ao na mabekiye kwa miezi. Fikiria maisha yetu. Mawe ya volkano ku Goma, milima ya Bukavu, matope ya avenue nyingi wakati wa mvua. Fikiria choo cha kuchuchumaa kwa mtu ambaye goti halikunjiki. Fikiria nani atachota maji, nani ataosha, nani atamubeba. Kule kwenye klinike kubwa, kuko lifti, kine wa kila siku na muuguzi. Hapa nyumbani ni mama, dada ao bibi atakayefanya yote hayo.

Chakula kinasaidia mfupa. Sambaza na ndakala zinaliwa pamoja na mifupa yake, na zinaleta kalsiamu. Maharagi, maziwa, mayai na sombe viko na faida. Tumbaku ni adui: moshi unapunguza damu inayofika kwenye mfupa, na wanganga wengi wanakataa kupasua mtu anayevuta. Tena kuko jambo moja ambalo wengi hawajui. Diclofenac na ibuprofen, dawa ambazo tunanunua kwenye farmasi bila kuuliza, zinaweza kuchelewesha mfupa kuungana. Mwenye mfupa unaokomaa aulize munganga mbele ya kuzimeza.

Matatizo yanayoweza kutokea

Kidudu kwenye tundu za waya njo tatizo linaloonekana sana kwa wenye fiksatere. Fasi ile inakuwa nyekundu, inatoa usaha, inauma. Mara nyingi inapona kwa usafi na antibiotiki, lakini ikiingia ndani ya mfupa inaweza kudumu miaka.

Damu inaweza kuganda ndani ya mguu. Muundi mmoja unavimba na kuuma, kisha kipande cha damu kinaenda kwenye mapafu. Mafuta ya ndani ya mfupa pia yanaweza kuingia kwenye damu wakati wa upasuaji. Yote mawili yanaweza kuua. Mtu ambaye kifua kinambana ghafla ao pumzi inakatika asingoje kesho.

Mshipa wa fahamu ukivutwa kupita kiasi, juu ya mguu kunakufa ganzi, ao mguu unashindwa kuinuka. Ikionekana mapema, wanapunguza mwendo wa kuvuta ao wanasimamisha. Ikichelewa, inaweza kubaki hivyo.

Mfupa mpya unaweza kukataa kukomaa, ao kukomaa kwa kupinda, ao kuvunjika kisha chuma kutolewa. Mguu mmoja unaweza kupita mwingine. Na mikono hairefuki: aliyeongeza miguu sana anaonekana hana kipimo.

Kuko pia matatizo ya moyo na ya akili. Miezi ya kufungwa ndani, maumivu na kungojea watu wengine kwa kila kitu vinaleta huzuni nzito. Na mtu ambaye tatizo lake ni kujichukia, sentimeta 6 hazimalizi. Atapata fasi ingine ya kujichukia. Kwa sababu hiyo hospitali za maana zinamtuma kwanza kwa munganga wa akili.

Feza, na nani atakuona ukirudi

Kazi hii ni makumi ya maelfu ya dola. Uturuki na India ziko chini ya Marekani kwa bei, lakini bado ni feza ya nyumba. Na bei inayotangazwa si yote: kuko visa, ndege, kukaa miezi, mtu wa kukusindikiza, kine, dawa, na upasuaji wa kutoa chuma. Kama kuna tatizo, kuko upasuaji ingine tena.

Ila feza si hatari ya kwanza. Hatari ya kwanza ni kurudi mbio. Wengi wanarudi nyumbani wakati kuvuta kumeisha na mfupa bado laini. Kwa wakati huo mtu anahitaji radiografi kila juma 2 ao kila mwezi, na munganga anayejua kuisoma kwa kazi ya namna hii. Chuma cha sumaku kikiharibika, kifaa cha kukirekebisha hakipatikani hapa. Na barabara zetu na ndege zetu, kila mtu anazijua.

Kwa wenye chuma juu ya ajali ao risasi

Kwetu huku mashariki, fiksatere si kitu kigeni. Tunaiona kwa madereva wa moto na kwa watu waliopigwa risasi, katika hospitali kama HEAL Africa ao CBCA Ndosho ku Goma. Kwa hawa, chuma si cha urembo, ni cha kuokoa mguu. Na sheria za kupona ni karibu zile zile:

- Nawa mikono kwa sabuni mbele ya kugusa chuma. Safisha fasi ya waya namna walivyokuonyesha hospitali. Usiweke majani, majivu, mafuta ya moto wala poda ya vidonge.
- Fanya mazoezi ya goti na kisigino kila siku, hata kama inauma kidogo. Kulala tu kunakausha viungo.
- Usikubali mtu akufungue chuma nyumbani, hata kama amechoka kukuona nacho. Ni radiografi inayosema kama mfupa umekomaa.
- Homa, usaha mwingi, vidole vinavyokuwa baridi ao vya bluu: ni kwenda hospitali siku ile ile.

Kwa mtoto ao mtu mzima mwenye mguu mmoja mfupi, tofauti ikiwa chini ya sentimeta 2, mara nyingi haihitaji kupasua. Ikizidi hapo, fundi wa viatu anaweza kuongeza soli, na kiuno kinapumzika. Vituo vya watu wenye ulemavu, kama Shirika la Umoja ku Goma na Heri Kwetu ku Bukavu, vinaweza kuelekeza. Upasuaji wa kurefusha unafikiriwa wakati tofauti ni kubwa, na hapo uko na maana ambayo mtu mwenye miguu sawa hana.

Na vidonge vya kurefusha?

Kuko watu wanaouza sirop na vidonge vya kuongeza kimo kwa mtu wa miaka 25. Ni kukula feza ya watu. Mifupa inarefuka kwenye fasi laini karibu na viungo, na fasi hizo zinafunga kwa wasichana karibu na miaka 14 mpaka 16, kwa wavulana karibu na 16 mpaka 18. Zikisha kufunga, hakuna kidonge kinachozifungua. Mzazi anayetaka mtoto akue vizuri, aanze na chakula cha kutosha, dawa ya minyoo na chanjo wakati angali mdogo.

Maswali ya kuuliza mbele ya kulipa

Mtu mzima ana haki juu ya mwili wake, na hakuna mtu wa kumcheka kwa sababu kimo kinamsumbua. Matusi ya kijiweni juu ya watu wafupi yanaumiza kweli, hata kama wanaosema wanacheka. Lakini kama bado anataka kwenda, aulize hospitali ile maswali haya na apate majibu kwa maandishi: Ni nani atanipasua, na amefanya ngapi? Matatizo yakija, nani analipa? Kine ni siku ngapi kwa juma, na kwa miezi mingapi? Nitaruhusiwa kupanda ndege mfupa ukiwa umefika wapi? Nikirudi, munganga gani wa kwetu amekubali kunifuata?

Lile swali la mwisho aliulize hapa nyumbani mbele ya kununua tiketi. Aende kuona munganga wa mifupa aliye karibu, amuonyeshe mpango wote, amuulize kama atakubali kumfuata. Kama hakuna anayekubali, basi mpango bado haujakamilika, hata kama feza iko tayari.