Kotoko na Congo: fainali tatu za kombe la Afrika

Wazee wapenda kabumbu wa Lubumbashi wakibishana juu ya kombe la Afrika la ma klabu bingwa, jina la Asante Kotoko ya Ghana halikosi. Sababu njo hii.

Mwaka 1967, TP Englebert, ambayo leo tunaiita TP Mazembe, ilikutana na Kotoko kwenye fainali. Kule Kumasi 1-1, ku Kinshasa 2-2. Ikaamuliwa mechi ya tatu ichezwe Kameruni, lakini Kotoko haikuonekana. Kombe likaenda Lubumbashi.

Kombe la bure? Englebert ilijibu uwanjani: mwaka 1968 ilichukua tena kombe mbele ya Étoile Filante ya Togo, 6-4 kwa jumla ya mechi mbili.

Kwa fainali ya 1970, Kotoko ikalipiza kisasi: 1-1 kwao, kisha ikashinda 2-1 hapa hapa Kinshasa.

Mwaka 1973 ikawa zamu ya AS Vita Club. Ilipigwa 4-2 ku Kumasi, lakini mechi ya kurudi ikashinda 3-0.

Basi mtu akikuchekelea na 1967, umukumbushe 1968. Akikutajia 1970, umujibu 1973.