Je, Wajua? Mawe ya Tangi la Maji Chumvi

Je, wajua kwamba katika tangi la matumbawe, jiwe hufanya kazi kubwa kuliko chujio la umeme? Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na amonia hata kidogo ni sumu kwao. Bakteria waliojishikiza juu ya jiwe huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti hiyo kuwa nitrati. Ndani zaidi, kwenye vitundu ambavyo oksijeni haifiki vizuri, wapo bakteria wa aina nyingine wanaoivunja nitrati mpaka ibaki gesi ya nitrojeni, ambayo hutoka majini na kwenda zake. Jiwe likiwa zito na gumu kama la kusagia, shughuli hiyo haiwezekani. Likiwa na matundu mengi, jepesi kuliko unavyolidhania, hilo ndilo la kununua.

Je, wajua kwamba mawe ya namna hii, yaitwayo mawe hai, yalijulikana duniani kupitia mtu wa Jakarta? Mwaka 1961, Lee Chin Eng aliandika katika jarida la Marekani la Tropical Fish Hobbyist jinsi alivyofuga samaki wa baharini kwa kutumia mwanga wa jua, viputo vya hewa na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe wake. Hakutumia chujio. Wafugaji wa Ulaya, hasa wa Berlin, waliiendeleza njia hiyo baadaye, wakaongeza mtambo wa kutoa uchafu kwa povu.

Na je, wajua kwamba miaka mingi kabla yao, mwaka 1846, mwanamke Mwingereza aitwaye Anna Thynne alisafirisha matumbawe hai kutoka Torquay hadi London? Aliyashona kwa sindano na uzi kwenye sponji ili yasibiringike ndani ya mtungi. Kule London hakukuwa na pampu, kwa hiyo maji yalitiwa hewa kwa mikono: mtumishi wake aliyamimina huku na huku mbele ya dirisha lililo wazi. Huyu mama anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa.

Tuje kwenye kupanga mawe, maana hapa ndipo watu wengi hukwama.

Je, wajua kwamba mawe hutangulia na mchanga hufuata? Wapo kambamti wadogo wenye gando moja kubwa, ambao hulifyatua kwa kasi hadi likatoa mlio mkali. Huchimba mashimo mchana kutwa, huku samaki mdogo aina ya gobi akisimama mlangoni kuwa mlinzi, kwa kuwa kambamti mwenyewe haoni vizuri. Urafiki huo unapendeza sana kuutazama, lakini jiwe lililokaa juu ya mchanga huchimbuliwa chini polepole hadi liporomoke. Jiwe la msingi likae juu ya sakafu ya tangi, au juu ya wavu mgumu wa plastiki unaosambaza uzito, kisha mchanga umwagwe kulizunguka.

Je, wajua kwamba jiwe la chokaa ya matumbawe hupoteza kama theluthi moja ya uzito wake likizama? La kilo 10 huwa kama la kilo 6 na nusu. Ndiyo maana rundo lililosimama imara mezani huteleza ndani ya maji, na konokono mkubwa anaweza kusukuma kipande kilichoegeshwa tu. Lijenge likiwa kavu, nje ya tangi, kisha litikise kwa mkono. Likicheza, lifunge: gundi kali ya jeli hushika hata penye unyevu, na ile ya udongo wa sehemu mbili unaokandwa pamoja hukauka ndani ya maji. Kwa nguzo ndefu, toboa mawe uyapitishie kijiti cha plastiki ngumu, kwa sababu chuma kitapata kutu.

Kwa maoni yangu, hakuna mpangilio mbaya kuliko ukuta wa mawe ulioegemezwa kioo cha nyuma kuanzia pembe hii hadi pembe ile. Maji hayapiti, uchafu hujikusanya nyuma yake, unaoza, na huwezi kuufikia bila kubomoa kila kitu. Acha nafasi ya kupitisha mkono kati ya mawe na kioo pande zote. Vilima viwili visivyolingana, vyenye mapango na bonde katikati, vinatosha. Samaki aina ya kangaja wanapata pa kuogelea, na samaki mgomvi hamwoni jirani yake muda wote; asipomwona, hamfukuzi.

Je, wajua kwamba matumbawe hupigana usiku? Aina iitwayo Galaxea hurefusha minyiri yenye sumu mbali na mwili wake, wakati mwingine zaidi ya sentimita 20, na kumuunguza jirani. Unapopanga mawe leo, pima nafasi ya tumbawe litakavyokuwa miaka mitatu ijayo. Yale ya Acropora, yanayopenda mwanga mkali na mkondo wenye nguvu, yawekwe kileleni. Yenye nyama laini hukaa chini.

Je, wajua kwamba ile rangi ya zambarau juu ya mawe ni mwani? Ni jamii ya mwani mwekundu unaojijengea gamba la chokaa, na baharini harufu yake ya kikemikali huwavuta mabuu ya matumbawe kutua.

Je, wajua kwamba dawa ya shaba, inayotibu samaki, haifai kabisa kutiwa kwenye tangi lenye mawe haya? Mawe huifyonza, kisha huiachia taratibu, na kambamti na konokono hufa. Mgonjwa ahamishiwe tangi lingine.

Je, wajua kwamba mgeni anaweza kuingia ndani ya jiwe bila kuonekana? Mwaka 2009, katika hifadhi ya samaki ya Blue Reef mjini Newquay, Uingereza, matumbawe yalikutwa yamekatwa na samaki wamejeruhiwa. Mitego iliwekwa bila mafanikio. Wafanyakazi walilazimika kuondoa mawe moja moja, ndipo wakamkuta mnyoo wa baharini mwenye taya kali, urefu wake zaidi ya mita moja.

Hili nalisisitiza: usichemshe mawe ya tangi, hata kwa nia ya kumuua mgeni wa namna hiyo. Juu yake huweza kuwa na zoantidi, viumbe vidogo vinavyofanana na maua, na baadhi yao wana palitoksini, miongoni mwa sumu kali zaidi za asili zinazojulikana. Mvuke wake ukiuvuta, unaugua vibaya wewe na waliomo nyumbani. Huko Alaska, kati ya 2012 na 2014, watu waliugua majumbani na madukani bila hata kuchemsha chochote, kwa kushughulika na viumbe hawa tu. Vaa glavu na miwani.

Je, wajua namna ya kulipima jiwe? Lidondoshee siki. Likitoa povu, lina chokaa. Mawe ya Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, na ya nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja yangetoa povu pia, kwani ni matumbawe ya kale.

Lakini usiende ufukweni na nyundo. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara yake kuvuka mipaka ya nchi inahitaji kibali. Fiji, iliyokuwa muuzaji mkubwa wa mawe hai, ilisimamisha usafirishaji wake mwishoni mwa 2017. Huko Florida, kuyang'oa baharini kulikuwa kumepigwa marufuku kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, na wafugaji wa huko wakaanza kuyapanda: hununua mawe ya chokaa ya machimbo ya nchi kavu, huyashusha kwenye vipande vya bahari walivyokodi, na huyaacha kwa mwaka au zaidi mpaka yajae viumbe. Sheria inawataka watumie mawe yanayotofautika na mwamba wa asili wa hapo, ili mkaguzi aweze kujua kwa kuyatazama kwamba hayakung'olewa.