Sultana: Meli iliyozama Memphis na kusahauliwa
Saa nane usiku, Aprili 27, 1865, boila za meli ya mvuke Sultana zililipuka katika Mto Mississippi, kaskazini kidogo ya jiji la Memphis, Marekani. Meli ya abiria 376 ilikuwa imebeba zaidi ya 2,000, wengi wao askari waliotoka kwenye magereza ya vita. Zaidi ya 1,100 walikufa.

Husimuliwa kwamba jasusi wa Kusini alificha bomu kwenye makaa. Hadithi tamu, lakini boila moja ilikuwa imezibwa kiraka siku chache tu kabla, na serikali ililipa kwa kila askari aliyesafirishwa. Hakuna aliyeadhibiwa, magazeti yalijaa habari za kuuawa kwa Lincoln.

Mto nao ulihama. Mabaki yanayoaminika kuwa ya Sultana yaligunduliwa mwaka 1982, chini ya shamba la soya.