Mvua Isikuwahi Kwenye Msingi

Picha iliingia kwenye simu asubuhi nikiwa kazini Muscat. Mitaro ya msingi wa nyumba yetu Mkuranga, iliyochimbwa juzi yake tu, ilikuwa imejaa maji. Chini ya picha kaka ameandika: "Dada, mvua imetuwahi. Fundi anasema tuchote maji, tumwage zege leo leo, kokoto na saruji vipo tayari."

Nilimwomba asubiri. Fedha ile nilikuwa nimeikusanya miaka miwili, na msingi ukiharibika hakuna rangi wala vigae vitakavyouficha.

Tatizo si maji unayoyaona, maana hayo ndoo au pampu huyatoa. Tatizo ni udongo wa chini uliolainika. Zege likikaa juu ya tope, nyumba hushuka upande mmoja kuliko mwingine, na baadaye kuta hupata nyufa. Udongo wa mfinyanzi ndio msumbufu zaidi: ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa. Kingo za mtaro nazo hubomoka na udongo huingia katikati ya nondo.

Kabla ya kuchimba

Tazama kalenda ya nyumbani, si ya likizo yako. Pwani na kaskazini mwa Tanzania, masika huwa Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Mikoa ya kusini na magharibi ina msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila msimu. Usome kabla ya kutuma fedha.

Pia usichimbe mpaka vifaa na mafundi wawe tayari. Mtaro unaokaa wazi wiki tatu ukisubiri saruji unaiita mvua.

Mtaro ukishachimbwa

Udongo uliotolewa uwekwe mbali na ukingo, angalau mita moja, usije ukarudi ndani. Upande wa juu wa kiwanja chimbeni mfereji mdogo wa kugeuza maji ya mvua. Mwaga mapema tabaka jembamba la zege hafifu, sentimita 5 hivi, chini ya mtaro. Hulinda udongo na kuwapa mafundi pa kukanyaga wanapofunga nondo. Usiku funikeni kwa turubai au nailoni nzito iliyoinuliwa katikati kwa mbao ili maji yateremke pembeni. Saruji ikae ndani, juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta.

Mvua ikishaingia

Chota maji, kisha ondoa tope lote mpaka ufike udongo mgumu. Pale mtaro ulipozidi kina, jaza kwa zege, usirudishe udongo uliolegea. Nondo zenye matope zioshwe. Siku ya kumwaga, kama wingu ni zito, ahirisha: mvua ikiingia kwenye zege bichi huongeza maji na kupunguza nguvu yake. Mkishamwaga, weka nailoni karibu. Zege likishakaza, limwagilieni maji kwa siku 7 au zaidi.

Wewe uliye mbali

Omba video ya mtaro mzima kabla ya zege, mtu akitembea ndani yake. Viatu vikizama, zege lisimwagwe. Na mwambie ndugu yako wazi kwamba kuchelewa kwa sababu ya mvua hakutakukasirisha. Mara nyingi wanaharakisha kwa kuogopa tutasema fedha imeliwa.

Kwetu ilichukua siku nne zaidi, vibarua wa kuondoa tope, na mifuko kadhaa ya saruji ambayo haikuwa kwenye hesabu. Kaka alikuwa na wasiwasi wa kuniambia gharama hiyo. Nilimtumia siku hiyo hiyo, nikamshukuru kwa ile picha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulipata bahati ya kuuzuia ufa kabla ukuta haujakuwepo.